Vitabu vya useremala, marumaru na ujenzi mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu walionunua au kuazima kitabu cha ufundi, wakakisoma jioni kadhaa kwa hamu, kisha wakakwama siku ya kwanza ya kazi. Vitabu vingi vya aina hii vinavyotufikia vimeandikwa Uingereza au Marekani, na vingi ni vizuri kwelikweli. Ila mwandishi wake amesimama juu ya sakafu ya mbao, anakata mbao iliyokaushwa kwenye tanuri, na ananunua misumari kwa namba ambazo muuza hadiwea wa Mbagala hazitumii. Majibu ya hapa chini ni ya kukusaidia kumwelewa mtu huyo wakati wewe umesimama juu ya zege.

Kweli mtu anaweza kujifunza ufundi kwa kusoma?

Anaweza, kwa sehemu. Kitabu kizuri kinakupa mambo mawili ambayo fundi wa mtaani mara nyingi hana nafasi ya kukupa: mpangilio wa kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na sababu ya kila hatua. Fundi ana wateja watatu wanamsubiri. Atakwambia "fanya hivi", basi. Kitabu utakaa nacho hata saa sita za usiku, na kitakueleza kwa nini hivi na si vile.

Ambacho kitabu hakikupi ni mazoea ya mkono na sikio. Randa iliyonolewa na kutegwa sawasawa ina sauti yake, kama kitambaa kinachochanwa taratibu, na maranda hutoka yamejikunja, mepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Randa butu hukwaruza na kutoa ungaunga. Unaweza kuyasoma maelezo hayo mara kumi na usiijue ile sauti mpaka uisikie karakana. Kwa hiyo soma, lakini tafuta Jumamosi mbili tatu za kwenda kukaa kwa seremala, hata kama kazi yako itakuwa kushika ncha ya ubao.

Mwaka wangu wa kwanza nilibeba kitabu cha Kimarekani hadi kwa seremala mmoja mzee kule Keko, Dar es Salaam. Baada ya shikamoo nikamwekea mbele mchoro wa kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mwingine. Kilikuwa kimenishinda mara tatu. Kila nikikiunganisha kilibana vizuri, na baada ya wiki mbili kikalegea. Hakusoma hata neno moja. Alipitisha kidole kwenye mchoro, akauchukua ubao wangu, akautazama kichwani, akaubonyeza kwa ukucha. "Mwanangu, kazi hii naijua, na mchoro wake hauna shida. Ila huyu bwana mbao yake imekauka. Yako bado ina maji."

Tangu siku hiyo, nikifungua kitabu chochote cha ufundi huanza kwa kujiuliza: huyu bwana ana nini mkononi ambacho mimi sina?

Nitajuaje kitabu kizuri kabla sijatoa pesa?

Fungua ukurasa wenye haki za uchapishaji uone nchi na mwaka. Hilo peke yake litakwambia kama vipimo ni vya inchi au milimita, kama umeme ni wa volti 120 au 230, na kama kitabu ni cha enzi ambazo watu walikuwa wakikata asbesto kwa msumeno wa mkono.

Halafu nenda kwenye sura ya marumaru. Kama inaanza na kupaka gundi na kupachika kipande cha kwanza, kirudishe rafuni. Kitabu makini kitatumia kurasa kadhaa kueleza kilicho chini ya marumaru: kama kimenyooka, kimekauka, kina nguvu, hakina vumbi wala rangi inayobanduka. Kwa useremala angalia sura ya viungo. Mwandishi anayejua kazi huonyesha ni wapi kiungo huvunjika na kwa nini. Picha za rangi za meza iliyokwisha kung'arishwa hazikusaidii kitu ukiwa na patasi mkononi. Michoro ya mistari yenye vipimo ndiyo ya kutafuta.

Kitabu kinasema mbao ya 2 kwa 4. Nimenunua 2 kwa 4, lakini vipimo havikubaliani. Nimekosea nini?

Hujakosea. Marekani, mbao inayoitwa 2 kwa 4 ina unene wa inchi 1½ na upana wa inchi 3½, yaani milimita 38 kwa 89. Jina ni la mbao kabla ya kupigwa randa na kukaushwa. Dukani unakuta kilichobaki. Vivyo hivyo 1 kwa 6 yao ni inchi ¾ kwa 5½. Mwandishi anayeyajua haya tangu utotoni hayaandiki, na orodha yake ya kukatia mbao imejengwa juu ya vipimo hivyo vya kweli.

Kwetu mbao huuzwa ikiwa bado na alama za msumeno. 2 kwa 4 ya kiwanda fulani inakaribia inchi 2 kamili. Ya mwingine ni inchi 1¾, na upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Ukiipiga randa pande zote nne unaweza kubaki na kitu kinachofanana na cha yule Mmarekani, au usibaki nacho.

Njia salama ni kutofuata orodha ya kukata kama ilivyo. Nunua mbao, piga randa, kisha pima ulichonacho na uandike upya vipimo vya viungo. Urefu wa kitanda, kimo cha meza na upana wa kiti unaweza kuvichukua kitabuni maana hivyo vinategemea mwili wa mtu. Kina cha tundu na unene wa ulimi vinategemea ubao ulio mbele yako: ulimi uwe karibu theluthi moja ya unene wa mbao, uwe wa milimita 38 au 45.

Plaiwudi angalau haisumbui sana. Ukubwa wa futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440, utaukuta kwenye vitabu vyao na kwenye maduka yetu. Unene ndio wa kupima mwenyewe. Beba rula ya chuma dukani.

Misumari ya "8d" ni ipi?

Ni hesabu ya zamani ya Kiingereza ambayo Wamarekani bado wanaitumia. 8d ni msumari wa inchi 2½, 10d ni inchi 3, na 16d ni inchi 3½. Kwetu misumari huuzwa kwa kilo na hutajwa kwa inchi, kwa hiyo geuza tu. Kwenye mbao ngumu kama mkongo toboa tundu jembamba kwanza, maana msumari utapinda au ubao utapasuka, hata kama kitabu kimeandika "gongelea" bila maelezo zaidi. Mwenzetu aliandika hivyo akiwa anapigilia paini.

Kitabu kinataka mwaloni, wolnati au mwerezi. Nitumie mbao gani?

Jiulize mwandishi aliichagua kwa sababu gani, kisha utafute ya kwetu yenye sifa hiyo. Kama ni kwa sababu haiozi upesi nje, basi mvule, mkongo au mtiki. Kama ni kwa sababu ni rahisi kufanyia kazi na bei yake ni ndogo, basi paini. Sehemu kubwa ya paini ya Tanzania hutoka kwenye mashamba ya miti ya Mufindi, ambako ndiko liliko shamba la Sao Hill. Wakenya wana saipresi, ambayo ni mbao nzuri ya kujifunzia. Kwa meza ya ndani ya kudumu, mninga: rangi yake ni nzuri, na ukishakauka haupindi wala kuvimba sana, ndiyo maana mafundi wengi wanaupenda.

Mbao zetu zina tabia ambazo kitabu cha mwaloni hakitazitaja. Mvule mara nyingine huwa na mawe ndani yake, mabonge magumu ya chokaa yanayotokana na mti wenyewe. Msumeno ukikutana nayo meno yanakatika. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kukera kifua, kwa hiyo funika pua na mdomo hata kama kitabu kimeonyesha mtu anayepiga msasa huku akitabasamu. Mtiki una mafuta, na gundi haishiki vizuri juu ya mafuta: piga randa, kisha paka gundi siku hiyohiyo. Mpingo huzama majini kwa uzito wake. Uache kwa wachongaji mpaka uwe na zana kali na subira.

Na ukinunua mbao za miti ya asili, omba risiti na uulize nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga na mvule zinakatwa kuliko zinavyoota, na mbao isiyo na karatasi inaweza kuishia kizuizini na gari lililoibeba.

Nitajuaje mbao imekauka vya kutosha?

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vitabu vya Marekani hutaka unyevu wa asilimia 6 hadi 8 kwa fanicha za ndani, kwa sababu nyumba zao hupashwa moto wakati wa baridi na hewa ya ndani huwa kavu sana. Pwani yetu haiko hivyo. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, mbao iliyoachwa ndani ya nyumba hutulia kwenye asilimia 13 hadi 16 hivi. Hata ukiipata mbao ya asilimia 7, itakunywa unyevu na kuvimba. Dodoma hutulia chini ya hapo. Kwa hiyo lengo lako lisiwe namba ya kitabu. Lengo ni mbao iliyokwisha kuzoea hewa ya chumba itakamokaa.

Ubao hupungua upana na unene. Urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Ubao wa mtiki wenye upana wa inchi 8 ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 20 hadi 12 unaweza kupungua karibu milimita 3. Panga mbao sita kama hizo kuwa uso wa meza, na meza yako imepungua zaidi ya upana wa kidole. Kama uliufunga uso huo kwa skrubu ngumu pande zote, lazima kitu kipasuke. Ndiyo sababu vitabu vizuri huhimiza matundu ya skrubu yawe marefu kidogo, ili uso wa meza upate nafasi ya kucheza. Fuata hilo kama lilivyo, maana linafanya kazi kokote.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, mbali na ncha, ukipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 100 na kidogo, ukikipima kila baada ya saa moja au mbili, mpaka uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 250 na kimeishia 200, maji yalikuwa gramu 50, yaani robo ya uzito wa mbao kavu: asilimia 25. Hiyo si mbao ya meza.

Kama huna oveni, panga mbao zako chini ya paa, uweke vijiti vya unene sawa katikati ya kila safu ili hewa ipite, upake rangi vichwa vya mbao visikauke haraka na kupasuka, kisha upime ubao mmoja kila wiki. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, mbao imetulia. Kanuni ya vitabuni, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ilitungwa kwa nchi za baridi. Kwetu mbao laini huwahi zaidi, ngumu huchukua muda wake.

Kwa nini sura nzima ya marumaru inazungumzia kuimarisha sakafu ya mbao?

Kwa sababu nyumba nyingi za Marekani zina sakafu ya mbao na kuta za jipsamu. Lazima wafunge kwanza mabamba ya saruji ndipo marumaru zikae. Wewe una zege na ukuta wa tofali wenye lipu, kwa hiyo ruka kurasa hizo. Usiruke zile zinazozungumzia unyoofu. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, ulaze sakafuni, uuzungushe: penye mwanga chini yake pana shimo, panapotikisika pana kilima. Marumaru za sentimita 60 kwa 60 hazisamehi kilima cha milimita 5.

Fundi wangu anasema saruji tupu inatosha kubandikia. Kitabu kinasema gundi maalumu. Nimsikilize nani?

Wote wawili wana haki, ila wanazungumzia vitu tofauti.

Marumaru za seramiki za ukutani, zile nyepesi zenye mgongo wa rangi ya udongo au nyeupe yenye unga, hunywa maji kwa wingi, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Uji wa saruji huingia kwenye vitundu vya mgongo huo na kukamata. Ndiyo maana mafundi wetu wa zamani walizilowesha kwenye ndoo kwanza, zisinyonye maji ya saruji kabla haijashika. Kazi zao nyingi bado ziko ukutani leo.

Poseleni ni kitu kingine. Kwa kipimo cha kimataifa lazima inywe maji yasiyozidi asilimia 0.5. Mgongo wake umefunga. Saruji tupu haina pa kuingia. Inakauka, inalala chini ya kipande kama kitanda, lakini haijakishika.

Nililijua hili kwa gharama. Bafu la nyumba niliyokuwa nasimamia lilibandikwa poseleni za 30 kwa 60 kwa uji wa saruji, na nilikubali kwa sababu kazi ilionekana imenyooka. Mwezi wa nane, usiku, kipande kimoja kilianguka na kuvunja sinki. Asubuhi niligonga vilivyobaki kwa sarafu, kimoja kimoja. Zaidi ya nusu vililia kama mtungi. Nilipokibandua cha pili kwa mkono tu, bila patasi, mgongo wake ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na ukutani saruji ilibaki na alama yake kamili, hadi maandishi ya kiwandani yakisomeka kinyume. Nilikaa nikaitazama ile saruji kwa muda mrefu.

Kujua unayo ipi, dondosha tone la maji mgongoni mwa kipande. Likizama ndani ya dakika moja mbili ni seramiki inayokunywa. Likikaa juu linang'aa, nunua gundi ya marumaru ya mfuko, ile ambayo vitabu vya Marekani huiita thinset, na hakikisha mfuko wenyewe umetaja poseleni.

Jambo lingine ambalo fundi na kitabu hubishania ni madonge ya gundi. Kuweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, kunarahisisha kusawazisha lakini kunaacha mapango. Kisigino cha kiatu au mguu wa kitanda ukikanyaga juu ya pango, kipande kinapasuka. Bafuni mapango hujaa maji. Tumia mwiko wenye meno, wa milimita 10 kwa vipande vikubwa, uvute mistari upande mmoja, ubonyeze kipande kwa kukisukuma mbele na nyuma kukatiza mistari. Kisha kibandue kimoja ukiangalie. Viwango vya Marekani vinataka gundi ifunike angalau asilimia 80 ya mgongo mahali pakavu na asilimia 95 mahali penye maji. Ukiona michirizi mitupu, ongeza gundi au paka pia mgongoni.

Nianzie kona ipi?

Usianzie kona. Kuta zetu mara nyingi hazina pembe mraba, na ukianzia kona kosa linakufuata chumba kizima. Tafuta katikati ya chumba, piga mistari miwili ya chaki inayokatana, na uhakikishe pembe kwa 3, 4, 5: pima sentimita 90 kwenye mstari mmoja, 120 kwenye mwingine, na umbali kati ya alama hizo uwe 150 kamili. Panga vipande vikavu bila gundi hadi ukutani. Ukiona mwishoni kutabaki ukanda mwembamba wa vidole viwili, sogeza mstari nusu ya kipande. Nusu saa ya kupanga vikavu ndiyo nusu saa yenye faida kuliko zote katika kazi hii.

Ninunue maboksi mangapi?

Chukua chumba cha futi 12 kwa 14. Kwa mita ni 3.66 kwa 4.27, karibu mita za mraba 15.6. Kipande cha 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36, kwa hiyo unahitaji vipande 44. Ongeza asilimia 10 ya vile vitakavyokatwa na kuvunjika, inakuwa 48 na ushei. Boksi la vipande 4 likiwa ndilo lililopo, chukua maboksi 13. Ukilaza kimshazari ongeza asilimia 15. Soma namba za rangi na ukubwa zilizogongwa kwenye boksi, zote zifanane. Kipande cha toleo jingine kinaweza kupishana milimita moja tu, na milimita hiyo utaiona kila siku utakapofagia. Vitakavyobaki, viweke stoo kwa ajili ya miaka ijayo.

Kitabu kinataja "mfuko" wa saruji. Ni kilo 50?

Si lazima. Mfuko wa Marekani ni pauni 94, karibu kilo 43. Kama mapishi yametajwa kwa mifuko na futi za ujazo, yaache, utumie uwiano wa ndoo kwa ndoo: ndoo 1 ya saruji kwa 3 au 4 za mchanga kwa kazi ya sakafu na lipu. Mchanga usiwe wa ufukweni, maana chumvi yake huozesha nondo na kutoa ukungu mweupe ukutani. Na lipu mpya umwagilie maji siku saba; hilo vitabu vingi vinakubaliana, na ndilo linaloachwa mapema kuliko yote.

Naweza kufuata sura ya umeme?

Hapana. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230 au 240. Rangi za waya ndizo za kuogopa zaidi: kwenye kitabu cha Marekani waya mweusi ndio wenye moto, kwenye kitabu cha zamani cha Uingereza mweusi ni nyutro na mwekundu ndio wenye moto, kwenye cha sasa cha Uingereza moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Mtu anaweza kufa akiwa amefuata maelezo sahihi kabisa ya nchi nyingine. Mwite fundi umeme mwenye leseni.

Na majedwali ya kenchi na boriti?

Nayo yaache. Jedwali la Uingereza linalosema mbao ya upana fulani inaweza kuvuka mita 4 linazungumzia mbao iliyopimwa nguvu na kupigwa muhuri wa daraja, kama C16 au C24. Mbao ya lundoni kwetu mara nyingi haina muhuri huo. Moja ina vifundo vitatu katikati, nyingine ni ya mti mchanga. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Unguja walikuwa na jedwali lao: boriti za mikoko zilikuwa na urefu wake, na vyumba vya nyumba za mawe vikajengwa vyembamba kulingana nazo. Kwa paa la nyumba, muone mhandisi.

Nimerithi vitabu vya miaka ya 1950 na 1960. Vina faida?

Vina faida kubwa kwenye zana za mkono. Kunoa patasi, kutega randa, kukata viungo bila umeme: sehemu hizo zimeandikwa vizuri kuliko vitabu vingi vya sasa, na karakana nyingi za kwetu bado zinafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Kalamu nyekundu ipitishe juu ya kila penye asbesto, rangi ya risasi na kreosoti. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku asbesto iliyobaki mwaka 1999. Kama dari au paa lako ni la mabamba ya zamani ya asbesto, usikate, usitoboe, usipige msasa.

Hapohapo niseme kuhusu mbao za dawa, zile za rangi ya kijani. Nyingi zimelowekwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki. Mchwa haziwezi, na kwa paa ni nzuri. Lakini vipande vinavyobaki visiingie jikoni. Moshi na majivu yake ni sumu, na nimeona mama akiokota vipande hivyo kwenye eneo la ujenzi kwa ajili ya kupikia maharage. Mwambie. Akikuuliza kwa nini, mweleze taratibu.

Kuna vitabu vya Kiswahili?

Ni vichache, na vingi ni vijitabu vya mafunzo. Ulizia kwenye vyuo vya ufundi stadi vya VETA vilivyo karibu nawe na kwenye maktaba za mikoa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ipo tangu 1963, na rafu za ufundi mara nyingi hazina msongamano. Wauza vitabu vya mitumba barabarani Posta, Dar es Salaam, na katikati ya Nairobi huwa na vya Kiingereza kwa bei ya kuelewana.

Ukisoma cha Kiingereza, fungua daftari la maneno. Ukurasa mmoja mchoro wa kiungo au zana, pembeni jina la kitabuni, chini yake jina analolitumia fundi wako. Timazi, pima maji, patasi, jiliwa, keekee, msasa: maneno tunayo, ila yako midomoni mwa watu na hayajatawanyika kwenye karatasi. Daftari langu lina kurasa arobaini sasa, na mafundi wawili wameshaniomba nakala.

Video si rahisi zaidi?

Kwa mwendo wa mkono, ndiyo. Kwa vipimo na mpangilio, kitabu. Kitabu hakihitaji bando, na kinavumilia vumbi la saruji kuliko simu.

Nikishajua, naweza kupata cheti?

Tanzania, VETA huwapima na kuwatambua watu waliopata ujuzi nje ya darasa. Kenya kuna majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la III kupanda hadi la I. Watakupima kwa kazi ya mikono, kwa hiyo fanya mazoezi ya kumaliza kazi ndani ya muda.

Nilifuata kitabu neno kwa neno, na mlango wangu haufungi. Kosa liko wapi?

Kwanza, uliufunga mlango kwenye fremu mwezi gani? Mlango uliofungwa Septemba ukaanza kugoma Aprili hauna kosa la kipimo. Umevimba kwa masika. Usikimbilie randa. Ukiupunguza sana mvua zikiwa kilele, kiangazi utaachia mwanya wa kupitisha mjusi. Punguza kidogo panapogusa tu, na usubiri.

Kama uligoma tangu siku ya kwanza, weka timazi kwenye fremu kabla ya kuulaumu mlango. Fremu iliyolala milimita 5 itashinda mlango wowote. Angalia bawaba: zikizama ndani mno, mlango hubana upande wa bawaba na kujisukuma nje.

Na kama umevimba, panda kwenye kiti upitishe kidole juu kabisa ya mlango, mahali ambapo hakuna anayepaona. Pakiwa pakavu na panakwaruza, hapajawahi kupakwa rangi, na huko ndiko maji yanakoingilia, kwenye vichwa vya nyuzi. Subiri Juni pakauke, paka rangi mara mbili, kisha ushushe mlango upake na chini.